Machapisho, marejeleo na ile namba ya h: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu rekodi ya mwanasayansi

Maswali haya huletwa na wanafunzi wa uzamili, wahadhiri wanaosubiri kupandishwa cheo, wajumbe wa kamati za ajira na waandishi wa habari ambao wamepewa wasifu wa profesa fulani na kuambiwa "andika". Wengi wanataka namba moja ya kumpimia mtu. Namba zipo, tena nyingi, na hapa chini zimeelezwa moja moja. Ila tunashauri usiitamke hata moja kabla hujajua mtu huyo ni wa fani gani, ameanza lini kuchapisha na namba imetoka kwenye kanzidata ipi.

Rekodi ya machapisho ni kitu gani hasa?

Ni orodha ya kazi zote za kitaaluma alizozitoa mtafiti: makala za majarida, mada za makongamano, sura za vitabu, vitabu vyenyewe, ripoti, na siku hizi hata seti za data na programu za kompyuta. Orodha ndiyo rekodi. Namba zinazowekwa juu yake ni ufupisho tu, na kila ufupisho umeacha kitu nje.

Marejeleo yanahesabiwaje, na nani aliyeanzisha jambo hili?

Kila makala ya kisayansi huishia na orodha ya kazi ambazo mwandishi amezitegemea. Kazi iliyomo kwenye orodha hiyo imerejelewa mara moja, hata kama ndani ya makala imetajwa mara kumi. Kanzidata hukusanya orodha hizo kwa mamilioni na kuzigeuza: badala ya kuuliza makala hii imemtaja nani, inauliza nani wameitaja makala hii.

Wazo hilo ni la Eugene Garfield wa Marekani, aliyeliandika katika jarida la Science mwaka 1955. Baadaye alianzisha taasisi yake Philadelphia, na katika miaka ya mwanzo ya 1960 ikaanza kutoa majuzuu makubwa yaliyochapwa ya marejeleo ya sayansi. Lengo lake la kwanza lilikuwa kumsaidia msomaji kutafuta. Ukishapata makala moja nzuri ya zamani, unaweza kufuata nyayo za waliokuja nyuma yake, wakiwemo walioipinga. Matumizi ya kupimia watu yalikuja baadaye, na ndiyo yaliyozaa kelele zote tunazozisikia leo.

Hiyo h inapigwaje?

H (kwa Kiingereza h-index) ni namba moja inayopima kwa pamoja wingi wa makala za mtafiti na kurejelewa kwake. Panga makala zake kuanzia iliyorejelewa zaidi hadi iliyorejelewa kidogo. Shuka nazo ukihesabu. Nafasi ya mwisho ambayo idadi ya marejeleo bado haijawa ndogo kuliko namba ya nafasi yenyewe, hiyo ndiyo h.

Tuseme mtafiti ana makala nane zilizorejelewa mara 45, 30, 12, 8, 5, 5, 2 na 0. Makala ya tano ina marejeleo 5, kwa hiyo imefaulu. Ya sita inahitaji 6 lakini ina 5, imekwama. H yake ni 5. Angalia kwamba ile makala ya kwanza ingekuwa na marejeleo 45 au 45,000, h ingebaki 5 vilevile. Na mtu mwenye makala tatu tu hawezi kuvuka h ya 3 hata makala hizo zibadilishe dunia.

Kipimo hiki kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwaka 2020 Hirsch mwenyewe aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kukosea vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia. Kamati zinazokipenda hazina haraka ya kulisoma andiko hilo.

Nina h ya 12. Ni nzuri?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linaanza na swali: ya fani gani?

Rudi kwenye makala ya Hirsch ya 2005, iliyopendekeza kipimo hiki. Alipowapanga wanafizikia, wa juu kabisa aliyemtaja alikuwa Edward Witten mwenye h ya 110. Alipogeukia sayansi za uhai, akamkuta Solomon Snyder, mtaalamu wa ubongo, mwenye 191. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba Snyder alikuwa na kipaji karibu mara mbili ya Witten. Kilichotofautiana ni desturi za fani zao.

Desturi hizo ziko nyingi, na inafaa kuzijua kwa sababu ndizo zinazoharibu ulinganisho.

Kwanza ni urefu wa orodha za marejeleo. Makala ya baiolojia ya molekuli hubeba orodha ndefu, ya hisabati hubeba fupi. Palipo na orodha ndefu, marejeleo ya kugawana ni mengi, na kila mtu hupata zaidi bila kufanya la ziada.

Pili ni ukubwa wa fani. Wanaoandika kuhusu saratani duniani ni jeshi zima. Wanaoandika kuhusu tawi fulani la aljebra huenda wanafahamiana wote kwa majina.

Tatu ni kasi. Makala ya virolojia hurejelewa ndani ya miezi, halafu hupitwa. Teoremu ya hisabati inaweza kukaa miaka kumi kabla haijapata wa kuitumia, na baada ya hapo ikaendelea kutumika nusu karne.

Nne ni aina ya chapisho linaloheshimiwa. Katika sayansi ya kompyuta, mada ya kongamano huweza kuwa na hadhi kuliko makala ya jarida. Ile makala ya mwaka 2017 ya watafiti wa Google iliyoleta muundo uitwao Transformer, ambao programu za akili unde za leo zimejengwa juu yake, ilitolewa kwenye kongamano, na imerejelewa zaidi ya mara 100,000. Katika historia, fasihi na sheria, kitabu ndicho mfalme, na vitabu huhesabiwa vibaya na kanzidata zilizoundwa kwa ajili ya majarida.

Tano ni idadi ya waandishi kwa makala, ambayo ina swali lake hapo chini.

Kwa hiyo h ya 12 kwa mwanahisabati mwenye miaka minane tangu apate shahada ya uzamivu ni jambo la kujivunia. Kwa mtafiti wa malaria mwenye miaka ishirini kazini na mtandao mpana wa washirika, ni ya kawaida. Kuwapanga hao wawili kwenye mstari mmoja ni kumlinganisha mvuvi wa dagaa na mvuvi wa jodari kwa kuhesabu vichwa vya samaki. Clarivate, kampuni inayotoa kila mwaka orodha ya watafiti waliorejelewa zaidi, mwaka 2023 iliiondoa hisabati kwenye orodha hiyo. Fani yenye marejeleo machache ni rahisi kuchezewa, kwa kuwa marejeleo kidogo tu ya kupangwa yanatosha kumpandisha mtu.

Kwa nini Google Scholar inanipa marejeleo mengi kuliko Scopus?

Kwa sababu Google Scholar huokota karibu kila kinachofanana na andiko la kitaaluma mtandaoni: tasnifu, ripoti za mashirika, rasimu ambazo hazijahakikiwa, vitabu, hata mihtasari ya mihadhara. Scopus na Web of Science huchagua majarida na kuhesabu yale tu yaliyoingia kwenye orodha zao. Scopus na Google Scholar zote zilianza mwaka 2004; Web of Science ndiyo mrithi wa kazi ya Garfield.

Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki tofauti hii ina uzito. Kazi nyingi kuhusu kilimo cha mihogo au lugha za Kibantu hurejelewa kwenye tasnifu za Morogoro, Nairobi au Makerere na kwenye majarida yaliyomo African Journals Online, ambayo mengi hayaonekani Scopus. Google Scholar huyaona mengi zaidi. Huona pia takataka nyingi zaidi. Unapotaja namba, itaje na chanzo chake na tarehe uliyoiangalia. Namba isiyo na chanzo haithibitishiki.

Mwanasayansi aliyefanya kazi katika fani mbili au tatu, apimweje?

Hapa ndipo jumla ya marejeleo inapodanganya zaidi, kwa sababu fani yenye marejeleo mengi huifunika ile nyingine. Dawa yake ni kupima kila makala dhidi ya wenzake: makala za fani hiyo, mwaka huo na aina hiyo. Scopus ina kipimo cha namna hii, ambapo 1 maana yake ni wastani wa dunia.

Chukua mtu aliyeanza kama mwanahisabati kisha akaingia kwenye modeli za kuenea kwa magonjwa. Makala yake ya hisabati imerejelewa mara 9, na tuseme wastani wa makala za aina hiyo ni 6. Amepata 1.5, yaani nusu zaidi ya wastani. Makala yake ya malaria imerejelewa mara 24, na tuseme wastani huko ni 30. Amepata 0.8. Ukitazama idadi tupu utadhani malaria ndiko anakong'aa, kumbe ni kinyume.

Kuna tahadhari mbili. Kanzidata kwa kawaida hupanga majarida kwenye fani, si makala moja moja, kwa hiyo makala ya hisabati iliyotoka kwenye jarida la tiba itashindanishwa na makala za tiba. Pia, mtu mwenye makala chache anaweza kurushwa juu au kuangushwa chini na makala moja tu. Kwa makala saba, soma makala saba. Inachukua mchana mmoja.

Jambo jingine ambalo wachache huliangalia ni *nani* wanaorejelea. Fungua orodha ya wanaomrejelea uone wanatoka fani zipi. Mtu anayerejelewa mara 60 na wahandisi, wanasaikolojia na wanaikolojia ana habari tofauti na anayerejelewa mara 60 na kundi lilelile la watu wanane.

Je, ni kweli kuna Mtanzania anayetajwa na wanafizikia duniani kwa makala moja tu?

Ni kweli, naye ni Erasto Mpemba. Ukitaka kuelewa mipaka ya vipimo hivi, kisa chake kinatosha kuwa somo.

Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Mpemba alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kuacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ilikuwa inaisha, akayaweka yakiwa bado ya moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia yakiwa hayajachemshwa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, aliyekuja kutoa mhadhara. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akalijaribu kwenye maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala fupi katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori karibu na Moshi.

Sasa mpime kwa h. Kwa makala moja ya utafiti, h ni 1 na haitazidi hapo milele. Jarida lenyewe ni la walimu wa fizikia, wala si la kutikisa. Kwa vigezo vya kamati nyingi za leo, mtu huyu asingeitwa hata kwenye usaili.

Angalia basi kilichofuata. Athari iliyopewa jina lake, yaani kitu cha moto kuganda kabla ya kilicho baridi, imebishaniwa kwa miongo, na ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao vya maji na kuhitimisha kwamba hawaoni ushahidi wa kuridhisha. Mwaka uliofuata Zhiyue Lu na Oren Raz waliigeuza athari hiyo kuwa swali pana la nadharia: je, mfumo ulioanza mbali na hali yake ya mizani, yaani utulivu wa mwisho, unaweza kuifikia haraka kuliko ulioanza karibu nayo? Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada waliionyesha katika Nature kwa chembe ndogo zinazosukumwa ndani ya maji. Siku hizi kuna makala za athari ya Mpemba katika mifumo ya kwanta, ulimwengu wa chembe ndogo kabisa, ambako hakuna maziwa wala friji. Swali la kijana wa sekondari limetoka kwenye ufundishaji, likaingia fizikia ya maji, kisha fizikia ya takwimu, kisha kwanta.

Kuna jambo la ziada. Wengi wanaoandika "athari ya Mpemba" hawaoni haja ya kuirejelea makala ya 1969, kama ambavyo anayetumia sheria za Newton haweki Newton kwenye orodha ya marejeleo. Jina likishakuwa sehemu ya lugha ya fani, hesabu ya marejeleo huacha kulifuata.

Makala iliyorejelewa kuliko zote duniani ni ipi? Ya Einstein?

Hapana. Nature ilipotoa orodha ya makala 100 zilizorejelewa zaidi mwaka 2014, ya kwanza ilikuwa makala ya mwaka 1951 ya Oliver Lowry na wenzake, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye myeyusho. Ilikuwa na marejeleo zaidi ya 300,000. Makala ya Watson na Crick ya 1953 kuhusu umbo la DNA haikuingia hata kwenye mia.

Sababu ni kwamba mbinu hurejelewa na kila anayeitumia, lakini ugunduzi mkubwa huingia kwenye vitabu vya kiada na kuacha kurejelewa. Ukiona mtafiti ana makala moja yenye marejeleo maelfu na nyingine zote zina makumi, kuna uwezekano mkubwa kwamba hiyo moja ni mbinu, programu au mwongozo. Hakuna aibu katika hilo. Bila Lowry maabara nyingi zingekwama. Ila ni aina nyingine ya mchango.

Makala yangu imetoka kwenye jarida lenye IF kubwa. Si inatosha?

IF (kwa Kiingereza Impact Factor) ni wastani wa jarida: marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, ukigawa kwa idadi ya makala hizo. Haisemi chochote kuhusu makala yako.

Mfano unaochekesha ni Acta Crystallographica A. IF yake ilikuwa kama 2 mwaka 2008. Mwaka uliofuata ikaruka hadi karibu 50, ikayapita hata Nature na Science. Kilichotokea ni makala moja ya George Sheldrick kuhusu programu yake ya SHELX, ambayo kila mtaalamu wa fuwele aliirejelea. Makala nyingine za jarida hilo hazikubadilika hata chembe, lakini waandishi wake wote walipata IF ya 50 ya kuandika kwenye wasifu. Azimio la San Francisco, lililoandaliwa Desemba 2012 na kutiwa saini na maelfu ya taasisi na watafiti tangu hapo, linakataa kabisa matumizi hayo.

Jina langu ni la tatu kati ya waandishi tisa. Maana yake nini?

Inategemea fani. Katika tiba na baiolojia, wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa, wa mwisho ndiye mkuu wa maabara au aliyetafuta fedha, na wa katikati walichangia kwa viwango mbalimbali. Katika hisabati na mara nyingi katika uchumi, majina hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo kuwa wa mwisho huenda maana yake ni kwamba jina lako linaanza na Z. Katika fizikia ya chembe mambo huvuka mipaka: makala ya mwaka 2015 ya vikundi vya ATLAS na CMS kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilikuwa na waandishi 5,154. Kati ya kurasa zake 33, kurasa 24 zilikuwa majina na taasisi.

Kwetu suala hili lina uchungu wake. Majaribio makubwa ya tiba hufanyika hapa. Jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lilihusisha vituo 11 katika nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, na watoto zaidi ya 15,000. Makala za kazi kama hiyo hurejelewa sana, na kila aliyeorodheshwa hupata marejeleo yote. Lakini pia kuna makala nyingi zilizoandikwa kwa sampuli za Afrika ambamo Waafrika wamejazwa katikati, na nafasi za mwanzo na mwisho ziko Ulaya au Marekani. Idadi ya marejeleo haikuonyeshi hilo. Nafasi ya jina hukuonyesha. Ukimpima mtu, tazama ni mara ngapi amekuwa wa kwanza au wa mwisho kwenye fani ambako nafasi hizo zina maana.

Kurejelewa sana si ndiyo ushahidi wa kazi nzuri?

Ni ushahidi kwamba imetumika au imejadiliwa. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika The Lancet, iliyowahusu watoto 12 na kuhusisha chanjo ya surua na usonji, ilifutwa na jarida mwaka 2010. Imerejelewa mara maelfu, nyingi zikiwa za kuikanusha au kuieleza kama kisa cha udanganyifu. Mashine iliyohesabu haikujua tofauti.

Na waliofanya makubwa bila kuwa na namba kubwa?

Peter Higgs alichapisha makala chache kabisa baada ya ile ya 1964 iliyompa Nobel ya 2013, na alisema wazi kwamba katika vyuo vya leo asingepata kazi. Grigori Perelman aliweka rasimu tatu mtandaoni kati ya 2002 na 2003, akathibitisha dhana ya Poincaré, fumbo maarufu la hisabati, na hakuzipeleka kwenye jarida lolote. Katalin Karikó alishushwa cheo chuoni kwake katika miaka ya 1990. Makala aliyochapisha na Drew Weissman mwaka 2005 haikupata gumzo, na miaka kumi na mitano baadaye chanjo za Uviko zikajengwa juu yake.

Wa karibu nasi zaidi ni Tu Youyou wa China. Kila anayemeza dawa mseto ya malaria anameza matunda ya kazi yake ya kutoa artemisinini kwenye mmea. Makala ya kwanza iliyotangaza umbo la kemikali hiyo, mwaka 1977, ilitoka bila majina ya watu, kwa jina la kundi. Hakuwa na shahada ya uzamivu. Alipata Nobel mwaka 2015. Kanzidata gani ingekuonyesha hayo?

Ninaandika kwa Kiswahili. Nimejinyima marejeleo?

Ndiyo, kwa kiasi kikubwa, kama kipimo ni Scopus. Kanzidata kubwa zimeegemea Kiingereza. Makala iliyotoka kwenye jarida la *Kiswahili* au *Mulika*, yote ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), itasomwa na wanafunzi na walimu wa lugha kuanzia Dar es Salaam hadi Eldoret, na huenda isionekane popote kwenye hesabu. Fikiria Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Imetumiwa na waandishi, wahariri na wafasiri wasiohesabika, lakini ni nani anayeweka kamusi kwenye orodha ya marejeleo kila anapohakiki tahajia?

Maoni yetu ni kwamba kamati inayompima mtaalamu wa Kiswahili kwa h imekosea mlango. Iulize kazi zake zinafundishwa wapi na zimewazaa wanafunzi gani. Mwandishi naye asaidie: aweke ikisiri ya Kiingereza, ahakikishe makala ina DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha mtandaoni), na pale inaporuhusiwa aiweke kwenye hazina ya chuo ili Google Scholar iione.

Jina langu limeandikwa kwa namna nne. Nifanye nini?

Hili ni tatizo letu kweli. Mohamed, Mohammed na Muhammad kwa kompyuta ni watu watatu. Ally na Ali ni wawili. Leo jina la baba limekuja mwisho, kesho jina la babu. Dada ameolewa akabadilisha jina katikati ya safari ya utafiti. Matokeo yake rekodi moja hukatwa vipande, na h hupungua kwa sababu kila kipande kinahesabiwa peke yake. Kinyume chake pia hutokea: watafiti watano wanaoitwa J. Mwangi huunganishwa, na mmoja anaonekana bingwa wa meno, mahindi na sheria ya ardhi kwa pamoja.

Jisajili ORCID. Ni bure, ilianza mwaka 2012, na inakupa namba ya tarakimu 16 unayoiandika kila unapowasilisha makala. Kisha chagua namna moja ya kuandika jina na usiiache.

Marejeleo yanaweza kununuliwa?

Yanauzwa. Mwaka 2024 watafiti wawili, Reese Richardson na Nick Wise, walionyesha wepesi wake kwa kumtengenezea paka aitwaye Larry wasifu wa Google Scholar wenye makala 12 za uongo na marejeleo zaidi ya mia. Ilichukua muda mfupi tu. (Paka huyo alimpiku F.D.C. Willard, paka wa Marekani aliyewekwa kama mwandishi mwenza wa makala halali ya fizikia mwaka 1975, kwa sababu mwenye paka alikuwa ameandika "sisi" makala nzima na hakutaka kuipiga chapa upya.)

Dalili za kutilia shaka: marejeleo yanayopanda ghafla mwaka mmoja, yanayotoka kwenye majarida mawili matatu tu, au yanayotoka kwa mwandishi mwenyewe kwa sehemu kubwa. Kujirejelea kwa kiasi ni halali, maana utafiti hujengwa juu ya utafiti uliotangulia.

Nimepokea barua pepe: "Mheshimiwa Profesa, tunaomba makala yako ndani ya siku saba." Nijibu?

Usijibu. Uhakiki wa kweli hauahidiwi kwa siku saba, na wewe huenda bado ni mwanafunzi. Angalia kama jarida limo kwenye DOAJ (orodha ya majarida ya mtandaoni yasomwayo bure), kama wahariri wake wapo kweli, na kama msimamizi wako amewahi kulisoma.

Profesa wetu ametajwa kwenye orodha ya asilimia 2 ya Stanford. Ina maana gani?

Orodha hiyo ya wanasayansi waliorejelewa zaidi huandaliwa na John Ioannidis wa Stanford na wenzake kwa data za Scopus, na imekuwa ikitolewa tangu 2019. Chuo cha Stanford hakijamteua mtu wala kumpa tuzo. Ina jedwali mbili: moja la kazi ya maisha yote na jingine la mwaka mmoja, na zinachanganywa sana kwenye habari. Ubora wake ni kwamba huwagawa watu kwenye fani 22 na vijifani 174, huzingatia nafasi ya jina la mwandishi, na huonyesha namba bila kujirejelea. Ukiandika habari, sema ni jedwali lipi na kijifani kipi. Orodha nyingine zinazomtaka mtafiti alipe ili aonekane, ziache zilipo.

Nina makala moja tu, imerejelewa mara tatu. Niiandike kwenye wasifu wangu?

Iandike, lakini acha hilo tatu. Weka mahali pake mstari mmoja unaosema makala iligundua nini na ni nani wameitumia: kama mmoja wa hao watatu ni mwongozo wa wizara au timu ya nchi nyingine iliyorudia jaribio lako, mtaje. Mjumbe wa kamati akitaka namba ataitafuta mwenyewe.